Msaragambo wa Ukuta Wangu

Watu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huo ni uzushi, na mwenye kubisha aje tubishane, mimi nimestaafu na muda ninao. Lakini siwezi kukana kwamba mjomba wangu, kaka yake mama, aliuza mbuzi wake kwa ajili ya kesi ya mgomba ulioota mpakani mwa shamba lake na la jirani. Mgomba wenyewe haukuwahi kuzaa. Kesi ilianzia kwa wazee wa kijiji, ikapanda baraza la chifu, kisha mjomba akateremka nayo mpaka Same kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza aliyeshika wilaya. Akashinda. Siku aliporudi akaukata mgomba, kwa sababu ulikuwa unatia kivuli kwenye maharage yake.

Namtaja mjomba mapema kwa kuwa bila yeye hadithi hii haiendi. Baba alifariki nikiwa sijaanza kutembea, mama akarudi kwao na mimi mgongoni, na tangu hapo mjomba ndiye aliyekuwa akiamua mambo yangu. Alipokuwa haamui, alikuwa anabisha. Na juu ya hayo, yeye ndiye aliyekuwa mpiga baragumu wa kijiji.

Enzi hizo za Mwingereza kijana aliyebahatika kufika darasa la nane alikuwa na milango michache mbele yake, na kila mlango ulikuwa na foleni. Kulikuwa na ualimu, ukarani, udresa wa hospitali kama ile ya misheni kule Gonja, na ubwana shamba. Nyuma kabisa, mlango ambao hakuna mzazi aliyetaka hata kuuchungulia, kulikuwa na shule ya ufundi. Wazee wetu waliona hivi: jembe mtu analijua bila kusoma, na nyundo pia. Sasa umlipie mtoto karo miaka yote, aote sugu za kalamu, halafu umpeleke mbali akaote sugu za mwiko wa kujengea? Si bora angebaki nyumbani akaota sugu bure?

Mjomba yeye alikwisha kunipangia. Nilitakiwa niwe karani wa baraza. Alisema ni kwa faida yangu, lakini kila mtu kijijini alijua anamtaka karani wake mwenyewe, wa kumwandikia rufaa.

Mimi nilitaka kujenga. Sijui ugonjwa huo niliupata wapi, ila najua nilikoupatia dalili. Kila tulipoteremka Same na mama kuuza maharage, nilikuwa nikimtoroka nikaenda stesheni ya reli kupapasa ukuta. Siyo treni, jamani, ukuta! Wenzangu waliteremka kwenda kuikodolea macho gari moshi, na mimi nilikuwa nimeipa mgongo, natembeza kidole kwenye mistari ya matofali nikitafuta mahali ilipopinda. Haikupinda. Kwetu juu milimani hakuna kitu kisichopinda, njia, mfereji, hata wazee, kwa hiyo mstari ule ulionyooka toka kona hadi kona ulinitia wazimu. Mlinzi wa stesheni alinifukuza mara nyingi. Mama akasema mtoto huyu atakuja kufungwa kwa kosa la kupapasa mali ya serikali.

Shule yetu ya kati ilikuwa juu kidogo ya kijiji, na mwalimu wa kazi za mikono alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye sauti ya taratibu, aliyeteswa na baridi yetu mpaka akawa anafundisha amejifunika blanketi juu ya koti. Ndiye aliyenifundisha kushika timazi na kuuacha uzi wake utulie kabla ya kuamini ukuta umesimama wima. Mwaka wangu wa mwisho akatuita wanafunzi wanne tuliokuwa tukipenda kazi hiyo. Akatuambia kwamba Mzungu mkaguzi wa shule ya ufundi angekuja kuchagua kijana mmoja wa kufundishwa uashi. Nafasi ni moja tu. Kila mmoja wetu angepimiwa kiwanja nyuma ya darasa na kujenga ukuta wa matofali wenye kona, wa kimo cha kiuno, na Mzungu angeuangalia.

"Kila mtu peke yake," mwalimu akasema, akijivuta blanketi. "Kwa mikono yake mwenyewe. Sitaki kuona mtu anamsaidia mwenzake."

Jioni ile nilikula makande bila kuonja, kwa furaha. Nikamweleza mama habari yote. Mama aliacha kula. Akaniangalia kama mtu anayeangalia jeraha.

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Kujenga ukuta?"

"Ndiyo."

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "umefanya kosa gani huko shuleni?"

Hapa lazima nieleze, maana mtu asiye wa kwetu ataona mama yangu alikuwa na kasoro. Hakuwa nayo. Kwetu maji ya mashamba hukusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo, na kutoka hapo yanateremka kwa mifereji mpaka kwenye mahindi na migomba. Ndiva ikijaa tope, au mfereji ukibomoka, baragumu hupigwa jioni, na asubuhi kila mtu hutoka na jembe lake. Kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Asiyetokea hutozwa jogoo. Akikaidi tena na tena, basi watu humwacha: hakuna wa kumsaidia kuezeka nyumba, hakuna wa kumsaidia kulima, afanye kazi zake peke yake mpaka akili zimrudie. Kwa hiyo mama aliposikia mwanawe ameamriwa kujenga ukuta peke yake, na mwalimu mwenyewe amekataza mtu kumsaidia, alielewa jambo moja tu. Mwanawe ametengwa.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema neno mtihani zaidi ya mara moja. Akasema, "Nimesikia, mwanangu, nimesikia," kwa ule upole unaomwonyesha mtu kwamba hakusikilizwa kabisa, akajitanda khanga yake akatoka. Nikadhani anakwenda kuchota maji.

Muda si muda, baragumu likalia. La mgambo likilia kuna jambo, nikawaza kwamba mfereji wa juu umebomoka, nikaenda kulala nikiwaonea huruma watakaoamka na baridi.

Asubuhi nilipanda shuleni mapema, mwiko mkononi, nyimbo mdomoni. Nilipofika kona ya mwisho nikasikia vicheko, majembe, na sauti ya mjomba ikiamrisha. Nikakimbia. Mungu wangu! Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya darasa letu. Wanaume walikuwa wakipokezana mawe kutoka bondeni, wanawake walikuwa wakikanyaga udongo na nyasi, watoto wakibeba maji, na katikati ya kiwanja changu, ndani ya vigingi nilivyovipigilia jana yake kwa mkono wangu, ukuta ulikuwa umekwisha kufika kifuani.

Tena ukuta wa mawe! Matofali yangu yalikuwa yamewekwa pembeni kwa heshima, kama chakula cha mgonjwa. Na kwa kuwa mikono ya kijiji kile ilijua aina moja tu ya ukuta, ulikuwa mnene kama fahali, umelala kidogo kwa nyuma, na kona yake ilikuwa ya mviringo. Walikuwa wamenijengea ndiva.

"Mjomba, shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjomba wangu! Umechelewa. Ukuta ni wako, na wewe ndiye unayechelewa?"

"Mjomba, huu ni mtihani wangu!"

"Tunajua. Ndiyo maana tumewahi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikashika jiwe nikalitoa, mzee mmoja akalirudisha. Nikalitoa tena. Akalirudisha tena akaniuliza kama nimefundishwa shuleni kubomoa kazi za watu wazima. Na huyo mzee tulibishana mpaka jiwe likapata joto. Nilipogeuka kutafuta msaada nikaona jambo baya zaidi. Wale waliomaliza upande wangu walikuwa wamehamia kwenye kiwanja cha pili, na wengine wanachimba msingi kwenye cha tatu. Katika msaragambo huwezi kusafisha mfereji wa mtu mmoja ukauruka wa jirani yake, utakuwa umeleta kesi. Kwa hiyo washindani wangu nao walikuwa wanajengewa, hata kijana mmoja aliyetoka Bendera, aliyekaa kwa shangazi yake ili asome, ambaye ukoo wake wote ulikuwa huko chini tambarare. Alikuwa amesimama pale na mwiko wake kama mimi, anafuta machozi. Bibi mmoja alimwona akamwambia asilie, hawajamsahau, kiwanja chake ndicho kinachofuata.

Mwalimu akatokea mbio, blanketi linapepea. "Jamani! Jamani! Mnafanya nini?"

Bibi yangu, mama yake mama, alimkagua kuanzia kichwani mpaka miguuni. Aliona mtu mzima asiye na jembe mahali penye msaragambo. Akamwambia ama abebe udongo, ama atoe jogoo. Mwalimu alianza kueleza kwa Kiswahili kile kizuri cha pwani, chenye adabu na urefu, na kabla hajafika kwenye kiini cha habari alikuwa tayari amebebeshwa karai la udongo. Akalibeba. Maskini, nadhani hata alipata joto kidogo.

Sasa sikiliza. Mzungu tulikuwa tunamtazamia kesho yake. Lakini wale watu walikuwa na tabia ya kufika wanapotaka, na barabara ya gari ilikuwa inaishia chini ya mlima, kwa hiyo hakuna aliyesikia mlio. Alitokeza kwa miguu, kaptura, soksi ndefu, uso mwekundu kwa kupanda, anahema. Akasimama kuangalia umati.

Kwetu anayekuta msaragambo hapiti hivi hivi. Awe mpita njia, awe mgeni, anatia mkono japo kidogo, halafu anaendelea na safari yake. Wenzetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi ya tatu hatuifikii. Bibi akachukua jiwe zuri, la duara, akampelekea yule Mzungu kwa mikono miwili.

Na Mzungu naye, kumbe, alikuwa na desturi zake! Kwao mkubwa akipewa jiwe mbele ya halaiki, maana yake anaombwa kulifungua jengo. Akavua kofia. Akatembea taratibu mpaka kwenye ukuta wangu, akaliweka jiwe juu, akaligongagonga kwa kifundo cha fimbo yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzungu akatabasamu, akainama kidogo huku na huku. Nilimwona mwalimu amefumba macho.

"Vizuri sana," Mzungu akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Kazi ya pamoja. Vizuri. Mnajenga nini hapa?"

Mjomba akajibu kwa fahari, "Mtihani wako, Bwana."

Sijawahi kuona tabasamu likiondoka usoni mwa mtu polepole vile. Akamtazama mwalimu. Mwalimu, karai bado begani, akamweleza kwa Kiingereza. Uso wa Mzungu, uliokuwa umeanza kupoa, ukawaka upya. Akasema huu ni udanganyifu. Akasema vijana wote wanne wamejiharibia, hakuna atakayechukuliwa, nafasi atampa kijana wa shule nyingine, na yeye anarudi Same kuwahi treni.

Nikakaa chini penye udongo. Ukuta wa stesheni wenye mistari iliyonyooka niliuona unaondoka mbele ya macho yangu. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na matope mpaka magotini, mkono mdomoni, na ndipo nilipoona kwamba sasa ameelewa. Nilimkasirikia, sisemi uongo, nilimkasirikia na nikamhurumia vyote kwa pamoja, mpaka nikashindwa kujua nianze na kipi.

Lakini mjomba! Mtu huyu kwa miezi mingi alikuwa ameapa kwamba mpwa wake hatashika mwiko wa uashi yeye akiwa hai. Alikuwa amekuja kwenye msaragambo kwa sababu dada yake alimwomba na kwa sababu anapenda kupiga baragumu. Hapo aliposikia kwamba shule ya ufundi inakataliwa kwetu, aligeuka akawa mtetezi wake mkubwa. Ndivyo tulivyo. Kitu hatukitaki mpaka mtu atuambie hatukipati.

"Bwana," akasema, akijipangusa mikono, "udanganyifu hufanywa kwa siri. Sisi tumepiga baragumu."

Mzungu akafungua mdomo.

"La pili," mjomba akaendelea, maana alikuwa amekwisha kuingia barazani, "kama mtu akitia mkono kwenye ukuta huu ni mkosaji, basi tuhesabu wakosaji wote bila upendeleo. Jiwe lile pale juu, la duara, nani aliliweka?"

Watu wote wakaliangalia jiwe. Mzungu pia akaliangalia.

"Na la tatu, mimi ni mtu wa amani. Lakini Bwana Shauri wa Same ananifahamu. Tukiteremka sote kwake leo, mimi nitalibeba jiwe."

Kwamba Bwana Shauri alimfahamu, hilo lilikuwa kweli. Nasikia karani wake alikuwa akimwona mjomba kwa mbali anafunga dirisha. Sijui kama yule mkaguzi aliwahi kusimuliwa habari za mgomba, ila aliketi juu ya rundo la matofali yangu akafuta shingo kwa leso. Mwalimu wa pwani akatua karai akanong'ona naye. Hatimaye Mzungu akainuka akatoa hukumu: kuta zote zibomolewe. Yeye atalala kwa mwalimu. Kesho kila kijana ataanza upya, mbele ya macho yake, na mtu yeyote mwingine atakayegusa hata kokoto, kijana wake amefutwa.

Tukabomoa. Nako kubomoa hatukuachiwa peke yetu.

Kesho yake kijiji kilikuja tena, ila mfereji uliopita kando ya shule ndio uliwekwa kuwa mpaka. Wao ng'ambo, sisi huku. Mjomba aliuliza kama sheria inakataza kuangalia, akaambiwa haikatazi. Wakakaa ukingoni safu nzima, mikono imelala mapajani kama vitu visivyo na mwenyewe. Katika maisha yangu sijaona watu wakiteseka vile kwa kukaa kitako.

Mwanzoni walitoa ushauri. "Udongo mkavu huo!" "Tia jiwe kwenye kona, we!" Mzungu akapiga kelele kwamba hataki sauti. Basi wakaanza kukohoa. Nikichukua tofali bovu, kikohozi. Nikipinda kidogo, kikohozi kutoka upande ule niliopinda. Bibi yangu alikohoa kwa bidii mpaka Mzungu akamwonea imani, akamtuma mtu kwa dresa kumletea chupa ya dawa. Bibi akaipokea akashukuru, akaendelea kukohoa huku ameikumbatia.

Mimi nilikuwa na taabu nyingine. Mwashi hufuata uzi, na uzi una ncha mbili. Darasani siku zote mwenzangu alishika ncha ya pili. Sasa nilifunga ncha hiyo kwenye kijiti, nikauvuta, kijiti kikang'oka. Nikakipigilia tena, uzi ukateleza. Nikauzungushia jiwe, jiwe likabiringika. Nikasimama pale, ncha moja mkononi na nyingine chini kwenye vumbi, na hofu ikanipanda. Sikuwa nimewahi kufanya kazi yoyote peke yangu. Kufagia tulifagia wengi, kulima wengi, hata kuiba miwa tulikwenda kundi. Nilijiona mdogo. Nikainua macho, nikamwona mama amesimama ng'ambo ya mfereji, sambamba kabisa na ukuta wangu, mkono wake wa kulia ameuinua usawa wa kiuno na vidole amevibana. Alikuwa anashika ncha ya uzi ambao haukuwepo. Sidhani alijua kwamba mkono wake uko juu.

Ilikuwa ujinga, haikusaidia kitu, lakini nilitulia. Nikatafuta kijiti kingine, nikakichonga ncha, nikakizamisha ardhini kikiegemea upande wa mbali na uzi, nikauvuta pole pole. Ukashika. Nikaanza kupanga tofali juu ya tofali. Kila nilipoinua macho, mkono wa mama ulikuwa bado pale pale.

Jioni Mzungu alipita na timazi lake. Alianza kwa kijana wa Bendera, ambaye ukuta wake ulikuwa mzuri, na sioni aibu kusema hivyo. Akaja kwangu. Akaning'iniza timazi, akalisubiri litulie, akaliangalia upande huu na huu. Akapapasa kona kwa kidole, kuanzia chini mpaka juu, kama nilivyokuwa nikiipapasa stesheni mimi. Ng'ambo hakuna aliyekohoa.

"Huyu," akasema.

Mpaka leo haijulikani kwa nini. Mwalimu alisema ni kona yangu, kwamba ilisimama wima kushinda zote. Kijana wa Bendera alinipa mkono akasema vivyo hivyo. Yeye alichukua ualimu na akafika mbali kuliko mimi. Mjomba yeye alisema kona haina uhusiano wowote, ni sheria iliyoshinda, ni lile jiwe. Tulibishana juu ya hilo hadi alipozeeka, na kwenye matanga yake, Mungu amrehemu, nilijikuta bado namtolea hoja.

Siku ya kuondoka niliamka nimejiandaa kubeba sanduku langu mwenyewe. Nililitengeneza kwa mbao, lenye kishikio cha chuma, na ndani niliweka nguo, blanketi na mwiko. Nililifunga usiku likiwa jepesi. Lakini unafikiri wangeniachia? Toka mlangoni, mtu wa kwanza alilinyakua akalitia kichwani. Hatua chache, wa pili akampokea. Msafara mzima ukateremka mlima, sanduku linaruka kutoka kichwa hadi kichwa, baragumu la mjomba mbele kama tunakwenda kusafisha ndiva ya Same. Kila tulipopumzika nilimwona mtu akilifungua na kusukumia kitu ndani, na nikigeuka analifunga upesi. Nilitembea mikono mitupu. Nilinuna njia nzima, nikiona aibu jinsi watu wa mjini watakavyotucheka. Na kweli walitucheka.

Stesheni, mikono ililipandisha sanduku behewani kabla sijajua liko wapi. Mama alinishika kiganja, akakigeuza, akaangalia sugu zangu mpya. Treni ilipoanza kwenda nilitoa kichwa dirishani. Wote walikuwa wanapunga, isipokuwa yeye. Yeye alikuwa ameinua mkono usawa wa kiuno, vidole amevibana.

Mjini Moshi, penye shule ya ufundi, nikateremka. Abiria wenzangu walinisaidia kulisukuma sanduku mpaka mlangoni, likaanguka chini kwa kishindo, treni ikawachukua na wao. Nikashika kishikio nikainua. Halikuinuka. Nikapanga miguu vizuri, nikainua tena. Wapi! Kijiji kizima kililibeba toka milimani, na hakuna hata mmoja aliyeujua uzito wake, maana hakuna aliyelibeba zaidi ya hatua chache.

Nikalifungua pale pale penye vumbi. Kulikuwa na maharage, mahindi, tangawizi, viazi, mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Kulikuwa na chupa ya bibi ya dawa ya kikohozi, haijafunguliwa. Kulikuwa na jiwe la duara la Mzungu, ambalo mjomba aliliweka kuwa kidhibiti, endapo wangethubutu kunikataa mlangoni. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Chini kabisa, ndani ya blanketi langu, kulikuwa na uzi wa katani, mrefu, uliosokotwa ukawa mwembamba na mgumu, kazi ya siku nyingi. Ncha yake moja ilikuwa na kitanzi, na ndani ya kitanzi kigingi cha mti mgumu kilichochongwa vizuri, cha kuzamisha ardhini, ili mwashi asihitaji mtu wa kumshikia.

Mama yangu, aliyeamini kwamba kufanya kazi peke yako ni adhabu, alikuwa amenitengenezea kitu cha kuniwezesha kufanya kazi peke yangu. Nililia, nikalia kwa sauti, mtu mzima wa darasa la nane.

Mchukuzi mmoja wa mizigo akasimama. "We kijana, unalia nini?"

"Sanduku ni zito."

"Sasa nani alikubebea mpaka hapa?"

"Wote," nikamwambia.

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake kumfuata abiria mwenye hela. Nikayarudisha yote ndani, hata jiwe. Nikaukunja uzi mara nyingi ukawa kamba, nikaupitisha kwenye kishikio, nikaufunga kiunoni, nikaegemea mbele. Sanduku likagoma kwanza, halafu likaja.